Kiti cha Kumkalisha Chef

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa magasini, ghala la kampuni, siku ya Jumatatu, nalo lilikuwa tangazo lenye adabu. Lilisema kwamba, kwa kuwa ofisi bado hazina viti tangu uporaji wa mwaka jana, cotation ya mwaka huu ingefanyika nyumbani kwa watumishi wenyewe, mmoja mmoja, kambi nzima ya wafanyakazi. Cotation ni ile siku ambayo mkubwa humweleza mtumishi makosa yake ya mwaka mzima, kisha humpa alama, kuanzia ya juu: Élite, Très bon, Bon au Médiocre. Mtumishi alitakiwa kutayarisha meza, kalamu, karatasi mbili safi na "kiti cha kufaa." Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama zilizoona haya, iliongezwa kwamba mkubwa angefurahi kupata kitu chepesi cha kutia mdomoni.

Hivyo kampuni iliyoshindwa kuwapa watu posho ya unga kwa miezi minne iliwapa heshima ya kumlisha Chef Chishimba, mkubwa wa ofisi.

Kufika Alhamisi, Chef alikuwa amekwisha kula nyumba kumi na moja. Kambi ilijua alikula nini wapi, na aliacha nini, kama aliacha. Kwa Émile, fundi wa umeme, alikalishwa kwenye kigoda, magoti yakamfika kidevuni, akaandika Médiocre kabla hata ya kunawa. Nyumba iliyofuata alipewa kiti cha plastiki chenye ufa, kikamfinya paja; Bon, na bata alikuwa amekwisha kuliwa. Watu wazima wenye vyeti vya ufundi walianza kupima maisha yao ya mbele kwa makalio ya mtu mmoja.

Kwa Kasonde kulikuwa na vigoda vitatu na ndoo ya rangi iliyopinduliwa.

Nayo alama ya Kasonde haikuwa ya mchezo. Kwa miaka tisa alikuwa akishika kazi ya mkuu wa magasini: funguo zote kiunoni mwake, lawama zote kichwani mwake, na mshahara wa karani wa kawaida. Kwenye makaratasi aliitwa faisant fonction, yaani mtu anayefanya kazi ya cheo bila cheo. Kila mwaka aliambiwa avumilie, na kila mwaka alivumilia vizuri kuliko mwaka uliopita. Lakini safari hii binti yake Simone, mwenye miaka kumi na sita, alikuwa amerudishwa kutoka shule ya bweni ya masista akiwa na barua: ada isipopatikana ifikapo Jumatatu, kitanda chake kitapewa mwingine. Watoto wa watu wa maîtrise, daraja la wasimamizi, walilipiwa bweni na kampuni. Watoto wa wengine walilipiwa na Mungu, naye mwaka ule alikuwa na shughuli nyingi.

"Kesho ni zamu yetu," alisema Julienne, mama yake Simone, akivitazama vigoda vyake kana kwamba vilikuwa wakwe waliokuja bila taarifa. "Simone, enda kwa Papa Kasereka. Yeye iko na kiti ya kweli mu depo. Umuombe na adabu. Na usimufanyie michezo yako."

Onyo halikuwa la bure. Shuleni Simone alikuwa na adhabu kumi na mbili kwenye daftari la masista, moja ikiwa ni kwa ajili ya chura aliyepatikana ndani ya kikapu cha sadaka siku askofu alipotembelea.

*

Kasereka alikuwa mtu wa Butembo, mji wa mbali, aliyeleta maharage na samaki wa chumvi kwa malori, na depo yake ya kuuzia jumla ilikuwa kando ya barabara ya Ruashi. Ilisemekana hakuwahi kununua hata kiberiti bila kudai risiti. Alimsikiliza Simone mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka amekibeba kiti mwenyewe.

Kilikuwa kiti cha mbao nyekundu chenye mikono miwili, ngozi ya kijani, na misumari ya shaba yenye vichwa vilivyong'aa. Kiti cha mtu wa kusema hapana kwa watu.

"Uchunge, binti yangu. Hii kiti iko na makaratasi," alisema Kasereka. "Niko nazo nne za namna hii."

"Kiti iko na makaratasi, Papa? Sawa vile gari?"

"Cheka tu. Hapa mimi ni mgeni. Siku watu watasema Kasereka ameiba, nitaonyesha karatasi, sahihi na tarehe. Nilizinunua kwa mkubwa mmoja, wiki moja mbele ya uporaji. Alikuwa anauza haraka sana, kama mtu ambaye nyumba yake inaungua."

"Mukubwa gani?"

"Mkubwa," alisema Kasereka, na kurudi kwenye maharage yake.

Simone alikipindua kiti, akakiweka kichwani, miguu juu. Jua lilikuwa kali, na kiti kilikuwa na uzito wa serikali. Karibu na kanisa alichoka, akakishusha penye kivuli, na hapo ndipo alipoona chini ya ubao namba iliyoandikwa kwa rangi nyeupe: MAG 47. Ile saba ilikuwa na kistari katikati na mkia uliojikunja kama wa nguruwe. Simone aliijua saba ile kama alivyojua sauti ya kikohozi cha nyumbani. Ilikuwa kwenye majalada ya madaftari yake yote tangu darasa la kwanza. Ni baba yake aliyezipaka namba mali zote za ofisi.

"Nikusaidie kubeba, mutoto?"

Aliyesema alikuwa mzee Nkandu, aliyeuza makaa kwa marundo madogo mbele ya kanisa. Kwa miaka kumi na minne alikuwa mlinzi wa ofisi. Baada ya uporaji, Chef Chishimba aliandika ripoti kwamba viti na meza vilibebwa usiku wa fujo, na kwamba mlinzi alikula njama na waporaji. Nkandu alifukuzwa kazi, na kwa kuwa nyumba za kambi ni za wenye kazi, alifukuzwa na nyumba. Sasa alilala na mkewe ndani ya kibanda cha mabati nyuma ya kanisa, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu.

"Aksanti, Tata Nkandu," alisema Simone; kambini kila mzee huitwa baba.

Mzee alikishika kiti, akakipandisha kichwani mwa msichana, akakisawazisha kwa uangalifu. "Kiti muzuri," alisema. "Ya arusi?"

"Ya cotation."

"Aa. Leo muntu anaketi kwanza, kisha njo anapima kazi." Alicheka kidogo, akarudi kwenye makaa yake.

Njiani Simone alijumlisha. Viti viliuzwa wiki moja kabla ya uporaji. Mlinzi alifukuzwa kwa kuviachia viporwe, na aliyeandika ripoti hiyo alikuwa mkubwa mmoja tu. Na kesho mwuzaji mwenyewe angekuja kuketi. Msichana mwema angekimbia kumwambia baba yake. Lakini Simone alimjua baba yake: angekirudisha kiti kwa Kasereka kabla jua halijazama, na kumkalisha Chef kwenye ndoo ya rangi. Naye Simone alitaka kitu kimoja tu duniani, kuiona sura ya Chef Chishimba siku anapokutana na kikalio chake cha zamani. Hivyo alinyamaza, na kukipangusa kiti kwa mafuta ya mawese mpaka kikawa kama kipya.

*

Chef alifika saa sita kamili, saa ambayo vyungu huiva. Alikuwa mtu mpana mwenye jasho zuri la mtu aliyeshiba. Zamani za katazo la tai, serikali ilipoziita vazi la mkoloni, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumripoti mtu aliyeonekana na tai hata kwenye picha. Sasa tai zilikuwa ruhusa, naye alikuwa nazo tatu. Ya siku hiyo ilikuwa nyekundu na ilifika chini ya kitovu.

"Karibu, Bwana Chef," alisema Kasonde. Alikuwa amevaa shati la kanisani na alishika karatasi iliyokunjwa mara nne.

Chef alikitazama kiti, akaridhika, akaketi. Kilimpokea bila kelele. Hakukitambua. Labda mtu aliyeuza vitu vingi hawezi kuvikumbuka vyote.

Julienne alileta bukari, yaani ugali, na kuku mzima, kuku wa pekee wa nyumba ile, aliyekuwa akitaga. Kulingana na desturi mpya ya cotation, mwenye nyumba hakula; alisimama. Chef alinawa, akamega tonge kubwa kama ngumi, na kusema akiwa amelijaza mdomoni:

"Anza, Kasonde. Nakusikia. Miye nasikia hata nikikula."

Kasonde aliifungua karatasi. Alikuwa ameiandika siku tatu, na Simone, aliyesimama mlangoni na jagi la maji, aliyajua maneno yake kwa moyo.

"Bwana Chef. Ni miaka kenda minashika kazi ya mukuu wa magasini. Hakuna kintu kilipotea mu mikono yangu. Minaomba kujua, kwa heshima, cheo changu kitakuya lini. Na minaomba kujua minakosa nini, nipate kukitengeneza."

Chef alivunja mfupa wa paja na kuunyonya. Ulitoa mlio wa kiatu kinachotoka topeni. Ncha ya tai ilizama kwenye mchuzi. Aliitoa, akaitia mdomoni, akaifyonza, akairudisha kifuani.

"Neno lako ni muzuri," alisema. "Unaandika muzuri. Lakini unakosa initiative, Kasonde. Ofisi inaporwa, mukate unakosa, bunga hakuna, na weye kila asubuhi unafungua magasini tupu, unahesabu hewa, unafunga. Muntu wa initiative hatumikake vile."

"Ni kazi yangu, Chef."

"Njo vile nasema. Unafanya kazi yako tu." Alichokoa jino kwa ukucha, akakiangalia kilichotoka, akakila. "Na ile nafasi imeishaombwa. Kuko kijana mumoja, mutoto wa dada yangu. Alikuwa ku Kambove. Iko na akili ya leo."

"Alishatumika mu magasini?"

"Utamufundisha weye. Uko na miaka kenda."

Akavuta karatasi safi, akaandika jina la Kasonde, na mbele yake akaandika Bon. Kidole gumba chake kiliacha duara la mafuta juu ya jina. Kasonde aliikunja karatasi yake mara nne, polepole, akiifuata mikunjo ileile ya mwanzo. Simone aliona masikio ya baba yake yamekuwa mekundu, kama ya mtoto aliyepigwa mbele ya darasa. Julienne aliyatazama mabaki ya kuku.

Basi Simone akasogea na jagi.

"Chef anawe mikono," alisema kwa ile sauti ya malaika aliyowaimbia masista. "Kiti iko muzuri, Chef?"

"Muzuri sana, mutoto."

"Tuliikopa kwa Papa Kasereka. Anasema iko na makaratasi, na sahihi ya mukubwa aliyemuuzishia. Aliinunua wiki moja mbele ya uporaji. Na chini kuko namba. Ni maandiko ya tata."

Maji yaliendelea kumiminika juu ya mikono ambayo haikujisugua tena. Chef alitazama mkono wa kiti upande wa kulia, akatazama wa kushoto. Kisha kidole chake kilishuka taratibu chini ya ubao, kikapapasa, kikakuta rangi iliyovimba. Uso wake ulifanya kila kitu ambacho Simone alikuwa ametamani: ukawa wa kijivu, ukalegea, na kipande cha bukari kikabaki kwenye mdomo kama ulimi wa pili.

Kasonde alipiga magoti, akainamisha kichwa, akasoma. Alikaa huko chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika kusoma herufi tatu na tarakimu mbili.

Aliinuka. Simone alisubiri. Alikuwa na hakika kwamba sasa dunia ingefanya inavyotakiwa: baba yake angenyoosha kidole, Chef angetoka mbio na tai yake, Nkandu angerudishiwa nyumba. Alikuwa karibu kucheka.

Chef alifuta mikono yake kwenye kitambaa cha meza. Alipata sauti yake, na ilikuwa sauti ya upole, ya kuchukiza kuliko ile ya kwanza.

"Tulikuwa tumefika wapi, Kasonde? Miaka kenda. Ni mingi, kweli. Minafikiri nilikimbia kuandika." Alilipiga mstari lile neno Bon, na juu yake akaandika Élite. Chini akaongeza sentensi moja, akaisoma kwa sauti: kwamba mtumishi huyu anapendekezwa kupandishwa kuingia maîtrise, kuanzia tarehe moja ya mwezi huu, pamoja na haki zote. "Haki zote," alirudia, akimwangalia Simone. "Na masomo ya watoto mu bweni."

"Na ule kijana wa Kambove?" aliuliza Kasonde.

"Atangoya. Iko kijana."

"Na Kasereka?"

"Kasereka iko mugeni. Siku hizi watu banasema mubaya sana juu ya bageni, unasikia mwenyewe mu soko. Itakuwa huruma bamuzulie maneno juu ya kiti. Ni muzuri ile namba itoke. Karatasi bila namba ni karatasi tu."

Kasonde alisogea mezani. "Na Nkandu, Chef?"

Chef alionekana kushangaa kwa kweli, kama mtu aliyeulizwa habari za mvua katikati ya hesabu.

"Nkandu si agent wa kampuni tena. Leo tunazungumuza maendeleo ya nani, Kasonde? Ya kwako ao ya Nkandu?"

Kalamu ilikuwa mezani, imelala kuelekea upande wa Kasonde. Julienne alisogeza sahani pembeni ili karatasi ipate nafasi. Kasonde aliinama na kuandika, kwa ile saba yake yenye mkia, tarehe kumi na saba. Kisha sahihi.

Chef aliondoka na paja la pili ndani ya karatasi, kwa ajili ya nyumba yake.

*

Walikula shingo na miguu. Julienne alisema kwamba Jumatatu Simone atarudi, na kwamba sanduku lake linahitaji kamba mpya. Kasonde alisema kamba iko. Mambo yalisemwa kwa sauti ya kawaida, na hilo ndilo lililomfanya Simone arudishe shingo ya kuku sahanini.

"Tata," alisema. "Unajua sasa kama Tata Nkandu hakufanya kintu."

"Najua."

"Basi?"

Kasonde hakumtazama. "Nani alileta kiti?"

"Miye," alisema Simone.

"Uliona namba jana," baba yake aliendelea, bila ukali. "Jana njo ungeniambia. Ningekwenda kwa Nkandu na kwa Kasereka, tungechukua karatasi, tungepanda mpaka kwa direktere. Labda bangetufukuza bote. Lakini ningekuwa muntu mwenye kushitaki. Weye ulitaka kucheka. Ukaniweka mbele ya kalamu, na mama yako anaangalia." Alitoa mfupa mdomoni, akauweka ukingoni mwa sahani. "Sikukasirike. Minakueleza tu namna ilivyoenda."

"Mbele ya kalamu ungesema hapana," alisema Simone.

"Ndiyo," alisema Kasonde. "Ningesema."

Julienne alikusanya sahani.

*

Asubuhi Kasonde alikitoa kiti uani, akakipindua juu ya ndoo ya rangi, akaanza kuikwangua namba kwa kipande cha wembe. Rangi ilikuwa nzuri. Yeye mwenyewe aliichanganya mwaka ule, wakati kampuni ilipokuwa bado na rangi, na aliipaka mara mbili ili isitoke. Sasa ilimsumbua. Simone aliushika mguu mmoja wa kiti, kwa kuwa ndoo ilikuwa inayumba.

Herufi zilikuwa zimekwisha kutoka, ikabaki 47, wakati mzee Nkandu alipopita na gunia lake la makaa. Kambi haifichi habari. Aliliweka gunia chini, akaja na mikono miwili mbele.

"Minasikia, Kasonde. Maîtrise. Minafurahi sana. Tangu zamani nilisema kwa mama: huyu muntu, siku moja batamuona."

"Aksanti, Nkandu."

"Sasa uko mu bakubwa. Siku utaketi nabo, utanisemea kidogo. Siombi kurudi kazini, miye ni muzee. Ni ile jina tu. Waandike kama sikuiba." Alivuta pumzi. "Utaweza?"

"Nitaona," alisema Kasonde.

"Ni vile tu. Uone." Mzee aliona kiti kinayumba, ama alisikia ndoo ikigonga jiwe. "Lakini munakishika mubaya. Mutoto, sogea."

Akaishika miguu miwili ya kiti kwa mikono yake myeusi ya makaa, akaikaza barabara dhidi ya goti lake, kama alivyokuwa akiyashika malango ya ofisi siku za upepo. Kiti kilitulia. Kasonde hakusogea. Wembe ulikuwa umesimama juu ya mkia wa saba.

"Fanya kazi," alisema Nkandu. "Nimekamata."

Simone aligeuka ukutani. Alisikia wembe ukianza tena, polepole, kisha haraka, kisha polepole, na mavumbi meupe yakaanguka juu ya viatu vya mzee. Namba ilipokwisha, Nkandu alipitisha kiganja chake juu ya mbao, huku na huko, kwa umakini wa mtu ambaye macho yake sasa yako vidoleni.

"Muzuri," alisema kwa furaha. "Yote imetoka."